Kikapu cha ukindu au rambo?

Rambo, ule mfuko wa plastiki, ilikuwa ya bure na nyepesi, ukaenda sokoni mikono mitupu. Raha yake siikatai. Lakini nyanya zikishafika nyumbani, mfuko ulitupwa mtaroni. Mvua ikinyesha, mtaro umeziba na maji yako sebuleni. Mbuzi nao waliitafuna ikawajaa tumboni. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania Juni 1, 2019.

Kikapu kinataka ukikumbuke kabla hujatoka mlangoni. Kero yake kubwa ni hiyo tu. Cha mama kina miaka tisa sasa, mkono mmoja umeshonwa upya kwa uzi wa katani, na juzi kimebeba mihogo, nazi tatu na mafungu mawili ya mchicha bila kulegea.