Vibali vya familia Kampala: wakala alitula laki tisa, nikamaliza mwenyewe

Baba Salma alipopata kazi Kampala tuliona kama tunahamia mtaa wa pili. Mkenya si anaingia Uganda kwa kitambulisho tu? Kweli, tangu 2014, na Busia mimi nilipita hivyo hivyo, watoto na karatasi zao za muda za kusafiria. Kuvuka mpaka ni rahisi. Shughuli huanza ukitaka kukaa.

Jirani wa Ntinda akatupa namba ya wakala. Kijana mchangamfu, shati limepigwa pasi, ofisi ghorofa ya tatu. Alitaka shilingi 900,000 za Uganda, nyingi zikiwa eti ada ya serikali ya kibali cha kazi. Tukatoa. Wiki ya tano ndipo mfanyakazi mwenzake Baba Salma alipotufumbua macho: Kenya, Uganda na Rwanda zilishakubaliana kufutiana ada hiyo. Tulilipia kitu cha bure! Na pasipoti ya mume wangu iko kwa wakala, simu hapokei. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi zake tangu saa mbili asubuhi, kitinda mimba analia, hadi akaona haya akaitoa. Pesa ndiyo kwaheri.

Basi nikaingia mwenyewe kwenye tovuti ya Uhamiaji. Kibali cha kazi hakikunisumbua. Aliyeajiriwa huomba daraja la G, na karatasi nyingi zilitoka kwa mwajiri: mkataba, barua, nakala za usajili wa kampuni. Sisi tuliongeza vyeti vya masomo na cheti cha tabia njema cha polisi. Chini ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, jibu linatakiwa litoke ndani ya siku 30, na kibali cha kwanza kinaweza kufika miaka 2. Letu lilikuja siku ya 19.

Jasho lilinitoka kwenye pasi za wategemezi, yaani vibali vya mimi na watoto kukaa naye. Kila mtu na ombi lake, kila mtu na pasipoti yake, hata huyu wa miaka miwili asiyekubali kutazama kamera. Zile karatasi za muda hazikufaa kitu, ikabidi turudi Mombasa kuwatengenezea watoto pasipoti. Mkiwa bado mko Kenya, lianzeni hilo kwanza, kabla hata ya kutafuta nyumba.

Halafu cheti cha ndoa. Changu ni cha Kadhi, na jina la babu yangu halimo, ilhali kwenye pasipoti limo. Kwa mtu wa Pwani huyo ni mimi yule yule, binti fulani wa fulani. Kwa anayesoma karatasi ni wanawake wawili. Nikaenda kwa wakili nikala kiapo kwamba majina yote mawili ni yangu, nikakiambatisha, likapita. Wakala hakuwahi hata kukiangalia hicho cheti.

Mwisho ni kufika ofisi za Uhamiaji pale Jinja Road na pasipoti zenyewe, kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Nilizoea kuambiwa Kiswahili Kampala kinanuka kambi ya jeshi, yaani watu hukiona lugha ya askari, lakini kwenye foleni ile nilipata shoga wawili, mmoja wa Kigoma na mmoja wa Bukavu, tukapiga soga hadi saa sita.

Wakala nampa nyota moja, na hiyo ni ya chai aliyonikaribisha siku ya kwanza. Kuomba mwenyewe mtandaoni nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya kupunguza ukubwa wa kila faili kwa simu usiku kucha. Ningejua ningekwenda kwa vijana wa kuskani mjini mapema.

Yule jirani sasa kibali chake kinakaribia kuisha, na juzi alibisha hodi na kompyuta yake kwapani. Nimemkaribisha. Skani zake lakini afanye mwenyewe.