"Chagua yoyote tu": nilivyohudumiwa na benki yangu

Nianze na sifa, maana nikishashika kasi sitazikumbuka: foleni ilikuwa fupi.

Nilikuwa nalipa karo ya binti yangu. Shule iko upande wa Voi na akaunti yake iko benki nyingine. Apu ya benki yangu ikataka benki ya mpokeaji, halafu tawi. Tawi la Voi liko kwenye orodha mara mbili, kila moja na nambari yake, bila neno la kukuambia lipi linafanya kazi. Nikatafuta mtandaoni. Tovuti moja hivi, nyingine vile, na ya tatu bado inaziweka CBA na NIC kama benki mbili, ilhali ziliungana zikawa NCBA mwaka 2019. Orodha kama hiyo utaiaminia karo?

Basi nikaenda kwenye tawi langu. Dada wa huduma kwa wateja hakunyanyua uso kwenye simu yake. Nikamweleza, akasema: "Chagua yoyote tu, mzee, itaenda." Mzee! Nikamuuliza, dada yangu, kama yoyote inaenda, kwa nini mnauliza? Akajibu kwamba anayeuliza ni mfumo, si yeye. Kisha akaita anayefuata. Nyuma yangu hakukuwa na mtu.

Pesa ilitoka kwangu siku ileile. Shuleni haikufika. Ikazunguka huko inakojua yenyewe, ikarudi baada ya siku kadhaa, ada ya kutuma imekatwa na haikurudishwa. Binti alikuwa ameshaitwa ofisini pamoja na wenzake wanaodaiwa, na hilo ndilo lililonichoma.

Aliyenisaidia ni mhasibu wa shule, ambaye benki haimlipi hata senti. Alinitumia picha ya hundi ya shule iliyopigwa mstari, akaniambia nitazame chini kabisa, kwenye zile tarakimu zenye maumbo ya ajabu: mbili za benki (KCB ni 01, Equity ni 68), zikifuatwa na tatu za tawi. Basi! Yule dada alikuwa na hundi zimerundikana mezani pake.

Sasa nisimwonee mtu. Apu yenyewe si mbaya. Ndani yake kuna PesaLink, ambayo ipo nchini tangu 2017: unachagua benki, unaweka akaunti, au nambari ya simu kama mpokeaji amejisajili, tawi haliulizwi, na pesa inafika papo hapo, hadi shilingi 999,999 kwa mara moja. Karo ya binti yangu haifiki hata robo ya hapo. Kwa huduma hiyo ningewapa nyota nne bila kinyongo.

Lakini hebu ngoja. Kama njia hiyo ipo, mbona wameificha chini ya menyu nyingine? Na mbona yule dada, mwenye bango la PesaLink nyuma ya kichwa chake, hakulitaja? Nne nimezifuta. Wachukue moja.

Ada yangu nimeidai kwa barua. Wamejibu kwamba suala langu "linashughulikiwa". Kuhama siwezi kwa sasa, mshahara unapitia huko, ila tawi lile sikanyagi tena. Labda nikiitwa kuchukua hiyo ada.