Star Fox 64 au Star Fox Zero: uucheze upi?

Miaka 19 inaitenganisha michezo hii miwili ya video ya Nintendo, ya kurusha ndege za kivita angani, na ule wa zamani ndio bora, tena kwa mbali.

Star Fox 64 ulitoka mwaka 1997. Unaiongoza ndege ya Arwing kwa kijiti kimoja, pua ya ndege ndiyo inayolenga, na skrini moja inatosha. Utamu wake uko kwenye njia. Pale Corneria, sayari ya hatua ya kwanza, ukimwokoa rubani mwenzako Falco na kupita chini ya matao yote, anakuongoza kwenye maporomoko ya maji, na unajikuta mbele ya adui mwingine kabisa, kisha safari ya Sector Y, hatua nyingine. Unagundua mwenyewe. Ndiyo maana mchezo mfupi hivi hauchoshi kurudiwa.

Star Fox Zero wa mwaka 2016, ulioundwa pamoja na PlatinumGames kwa ajili ya mashine ya Wii U, unasimulia upya vita vilevile vya 64 dhidi ya Andross, adui mkuu. Arwing inayogeuka mashine ya kutembea ni wazo zuri. Lakini runinga inaonyesha ndege kwa nyuma, ilhali kulenga sawasawa kunataka uitazame skrini ya GamePad, kidhibiti cha Wii U, mkononi huku ukiigeuzageuza. Ukitazama juu unakosa shabaha; ukitazama chini unagonga ukuta. Halafu kuna hatua ya Zoness na chombo kiitwacho Gyrowing: mchezo wa kasi unakuwa wa kunyatia kwa chombo kinachojikokota, ukishusha kiroboti kwa waya. Hapo iliniuma kweli.

Mwenye Wii U tayari aujaribu Zero, kwa subira. Anayenunua mmoja tu achukue 64, au toleo lake la Nintendo 3DS la mwaka 2011.