Niliagiza picha ya Seurat, nikaletewa bango la saluni

Jamani hasira niliyonayo hata sijui nianzie wapi. Niliagiza mtandaoni kopi ya ile picha ya mchoraji Mfaransa Georges Seurat, iliyochorwa kwa vitone vya rangi, ya watu wanapunga upepo Jumapili kwenye kisiwa cha La Grande Jatte, mto Seine. Duka silitaji, wenyewe wanajijua. Ila mimi nakaa Chicago na picha halisi iko hapahapa, makumbusho ya sanaa ya Art Institute, nimeshaikodolea macho mpaka walinzi wamenizoea, kwa hiyo mimi hamniongopei.

Mzigo umekuja, nafungua, vitone HAKUNA! Yaani mtu kahangaika na vitone tangu 1884 mpaka 1886, kitambaa cha kama mita 2 kwa 3, ili rangi zikachanganyikie kwenye jicho lako, halafu nyie mnaniletea nyasi laiiini. Nikawaandikia. Kijana wao ananijibu eti zile chengachenga walizisafisha, ni kasoro ya skani. Ndo picha yenyewe hiyo kaka! Nikamtumia niliyoipiga kwa simu kwa karibu, zile nyasi za juani, unaona kabisa kijani na njano na chungwa zimebanana, akasema mimi ndo mteja wa kwanza kulalamika.

Na sijamaliza. Wamekata kingo ili iingie kwenye fremu yao, kale katumbili ka yule mama mwenye mwavuli kamebaki mkia, na ule mpaka wa vitone aliouongeza Seurat mwenyewe baadaye kuzunguka picha nzima umeenda na maji.

Haya, tusiwaonee. Turubai nzito, mbao zimenyooka, mzigo haukuchelewa. Manjano wameing'arisha lakini hapo sina ugomvi, maana ile manjano ya zinki aliyotumia Seurat ilianza kugeuka kahawia yeye bado yu hai. Na wageni wanaisifu kwelikweli, nikawa naelekea kuwapa nyota tatu yaishe.

Lakini kila nikikaa kwenye kochi nakutana na yule mtoto wa gauni jeupe pale katikati, anayetutazama moja kwa moja, wamempitishia filta utadhani anaenda kwenye harusi. Nyota tatu za nini? Moja, na hiyo ya dereva aliyeleta. Hela yangu irudi, na nauli ya kurudisha mzigo mlipe nyie.