Baiskeli ya milimani: nunua gia kwanza, kilo baadaye

Siku kontena la baiskeli za mtumba likifunguliwa Mwanjelwa, Mbeya, simama kando uwaangalie wanunuzi. Karibu kila mmoja anashika fremu kwa mkono mmoja, anainyanyua, anatikisa kichwa kwa kuridhika: "Hii nyepesi." Halafu anauliza bei. Anayeinama kuhesabu meno ya gia humwoni, na anayebana breki ni mmoja mmoja.

Na mimi nilinunua hivyo hivyo. Niliacha Phoenix ya chuma ya kilo 21 nikachukua ya alumini ya kilo 14, nikajiona nimeokoa kilo 7. Nitakwambia zilikokwenda hizo kilo, lakini kwanza tupange baiskeli zenyewe. Namwandikia mtu wa Mbeya, Tukuyu, Njombe au Iringa anayeendea kazini katikati ya wiki, na Jumamosi anatamani kutoka nje ya mji. Bei siandiki, maana kila kontena huja na yake.

1. Mtumba wa gia, fremu ya alumini (kilo 13 hadi 15)

Hii ndiyo ya kwanza, na uzito siyo sababu kubwa. Piga hesabu: mtu wa kilo 70, baiskeli ya kilo 21, mzigo wa kilo 6, jumla 97. Toa kilo 7 na umepunguza kama asilimia 7 tu. Mlima wa saa nzima unapungua dakika nne hivi. Si haba, ila hazikuokoi kushuka na kusukuma.

Kinachokuokoa ni gia. Hesabu meno ya gia ndogo kabisa mbele, kisha ya gia kubwa kabisa nyuma. Ya nyuma ikiwa sawa na ya mbele au ikiizidi, kutoka Uyole hadi Isongole, njia ya Tukuyu, utapanda umekaa kwenye siti. Kwa mpangilio huo, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita 2. Phoenix isiyo na gia inakusogeza zaidi ya mita 5 kwa mzunguko ule ule. Tambarare ni raha, mlimani ni magoti yanayolipa.

Muuzaji akisema alumini, usibishane naye. Toa sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio, uiguse fremu. Ikinasa, ni chuma. Uzito nao haupimwi kwa mkono: mfuate kijana anayepima watu kwa mzani stendi, ujipime peke yako, ujipime tena umebeba baiskeli, utoe. Anaweza kukudai mara mbili. Mlipe.

Ubaya wa alumini nao usifichwe. Kagua kwa kidole sehemu fremu inapokutana na shingo ya usukani, na chini karibu na pedali. Ukiona ufa mwembamba kama unywele chini ya rangi, iache hapo hapo. Fremu ya chuma ikikatika, fundi yeyote wa kuchomea geti ataiunga; alumini haiungwi na mashine ile ya kawaida.

2. Ya mama wa Kijapani yenye gia tatu (kilo 18 hadi 20)

Ina kapu mbele, taa, madigadi, stendi, na kifuniko cha cheni kinachookoa suruali za ofisini. Gia zake zimo ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, kwa hiyo matope ya Rungwe hayazifikii. Kwa mtu wa Soweto ya Mbeya anayefanya kazi Kabwe, hapo hapo mjini, inatosha na kubaki. Iringa kuna mtihani: ukikaa Ipogolo na kazi ipo mjini juu, ule mlima utakufanya uitafute gia ya nne usiione.

Mtego wake uko kwenye tairi. Imeandikwa 26, na tairi ya baiskeli ya gia nayo imeandikwa 26, lakini rimu hazilingani. Soma maandishi yote ubavuni: 26 x 1 3/8 haiingii kwenye rimu ya 26 x 1.95, hata fundi aisukume kwa goti. Ukiona namba ndogo, 590 kwenye ile na 559 kwenye hii, hizo ndizo zinazosema ukweli: ni kipenyo cha rimu kwa milimita. Kabla hujalipa, uliza madukani kama tairi ya saizi hiyo inapatikana.

3. Phoenix na ndugu zake (kilo 20 na zaidi)

Kwa tambarare za Kyela na Usangu ningeiweka ya kwanza bila kufikiri. Keria yake inabeba gunia, vipuri viko hadi vijijini, na kila fundi anaijua. Huku juu shida si kupanda tu, ni kushuka. Breki zake za vyuma zinabana rimu ya chuma inayong'aa, na rimu ya namna hiyo ikilowa, raba inateleza kama mguu kwenye jiwe la mtoni. Kutoka Isongole kushuka Kiwira siku ya mvua, wenye busara hushuka wakatembea.

4. Ya mashindano (kilo 8 hadi 10)

Tamu kweli. Waendeshaji wa kulipwa wamewekewa kikomo na UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, baiskeli isipungue kilo 6.8, kwa hiyo hata ya kwako si ya kudharau. Lakini ina tairi nyembamba, na barabara kuu ya Tunduma ina malori. Lori likikusogeza nje ya lami, tairi hiyo haina pa kukimbilia.

5. Mpya ya bei rahisi yenye shokapu mbele na nyuma

Inapendeza kwenye kioo cha duka. Ina uzito wa Phoenix bila nguvu ya Phoenix, na kila ukikanyaga pedali shokapu ya nyuma inadunda na kula jasho lako.

Sasa, zile kilo 7

Mwezi wa pili na baiskeli yangu nyepesi nilisimama Isongole, ulimi nje, kwenye kibanda cha mama muuza viazi. Nikaweka begi chini, likalia *ndu*. Mama akaliangalia.

"Unahama, mwanangu?"

"Hapana mama, natembea tu."

Akalichukua, akalitundika kwenye mizani ya viazi. Mshale ukasimama karibu kabisa na 8. Tukafungua pale pale juu ya gunia: chupa mbili za maji za lita moja na nusu, kilo 3. Mnyororo na kufuli, kilo 2. Pampu ya kusimamia, ile ya nyumbani, kilo na ushee. Spana kubwa ya kurekebisha ambayo haikuwa na nati ya kuibana kwenye baiskeli nzima. Koti la mvua, tyubu, viraka. Mama akacheka mpaka mteja wake akageuka. Nilikuwa nimelipia kilo 7 zitoke kwenye fremu, nikazirudisha kwa mgongo.

Leo hii ndivyo ninavyofunga, kwa umuhimu. Viraka, solusheni, kipande cha msasa, vyuma viwili vya kutolea tairi na pampu ndogo: vyote havifiki nusu kilo. Tyubu moja ya akiba, gramu 200 hivi. Ukienda njia za Iringa zenye mbigili, beba mbili. Taa ya mbele na nyekundu ya nyuma, hata mchana, kwa sababu ukungu hautoi taarifa. Helmeti, isiyozidi gramu 350. Koti la mvua halitoki begini mwaka mzima ukiwa upande wa Rungwe. Na jozi moja ya raba za breki.

Maji ni nusu lita. Njia ya Tukuyu ina maduka, utajaza tena. Ukielekea Chunya au upande wa Ruaha, rudisha zile chupa mbili kubwa bila kunung'unika.

Mnyororo ni wa mjini. Sokoni uubebe, tena mzito. Safarini baiskeli naingia nayo mgahawani, naiegemeza meza ya jirani, na sijawahi kukataliwa chai.

Kitu kimoja kabla hujatoa hela: angalia pua ya tyubu. Ikiwa nene kama ya bodaboda, utajaza upepo kwa mafundi pikipiki na vituo vya mafuta. Ya Phoenix na ya Kijapani ni nyingine, na ya mashindano ni nyembamba zaidi. Hizo nunua na pampu yake siku ile ile.