Spider-Man 2 au 3: ipi iwekwe bandani Ujiji?

Kama banda lako la video lina nafasi ya filamu moja tu jioni, weka ya pili (2004). Ina dakika 127 na adui mmoja, Doc Ock, mwenye mikono minne ya chuma mgongoni. Hata aliyechelewa kuingia anaelewa ugomvi. Pale Spider-Man anapozuia treni kwa nyuzi zake banda zima hunyamaza: nyuzi zinakatika, anarusha nyingine kwenye majengo ya pande zote mbili, suti inachanika, kisha abiria wanampokezana juu ya vichwa akiwa hana barakoa. Mtu wa Kigoma, reli inakoishia, haelezwi uzito wa behewa. Ila katikati inapooza, mapenzi yanavutwa mno, na watoto wanatoka kununua karanga.

Ya tatu (2007) ina dakika 139 na maadui watatu. Venom anachelewa mno, hata hajazoeleka filamu inaisha, na DJ anayetafsiri hukimbizana na majina. Lakini Sandman anapozaliwa, punje za mchanga zikijikusanya, zikiporomoka, zikijaribu tena bila neno hata moja, hapo DJ anyamaze tu.