Pydantic-settings kwenye mfumo wa malipo: uzoefu wangu

Naitumia pydantic-settings, maktaba ya Python inayosoma mipangilio ya programu na kuikagua, tangu tulipohamia toleo la 2 la Pydantic, maktaba mama ya kukagua aina za data, lililotoka mwaka 2023. Mfumo wetu uko Kampala na unapokea malipo ya wenye malori wanaovusha mizigo Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Naipenda sana, na sasa mradi mpya siuanzi bila hiyo. Lakini thamani chaguo-msingi, yaani zile zinazotumika mpangilio usipotajwa, zinataka ukali wa mwandishi mwenyewe, kwa sababu maktaba haitakuzuia kuweka thamani ya hatari.

Nianze na kilichonivuta. Vigeu vya mazingira, yaani mipangilio ambayo seva huipa programu kwa jina na thamani, ni maandishi matupu. Ukiweka MAJARIBIO=False kwenye seva, kisha msimbo ukaipitisha kwenye bool(), kitendo cha kugeuza thamani kuwa kweli au si kweli, Python inakujibu True, maana kwake andiko lolote lisilo tupu ni kweli. Basi mfumo unajiona uko kwenye majaribio huku watu wanalipa hela zao halali. Kwa maktaba hii unaandika darasa (class) moja, kila mpangilio na aina yake, na "false", "0", "no" na "off" zote zinasomeka kuwa hapana. Andika kitu isichokielewa, hata hilo neno "hapana" lenyewe, programu inagoma kuwaka na inakutajia mpangilio wenye kasoro. Heri igome mchana tukiwa ofisini kuliko iharibu hesabu usiku dereva akiwa mpakani.

Jambo la pili ni hiari. Katika toleo la 1, ukiandika Optional[str], yaani andiko au None ("hakuna thamani"), bila kuweka thamani, maktaba ilijiwekea None yenyewe. Toleo la 2 limeliacha hilo: kuruhusiwa kuwa None ni jambo moja, kuruhusiwa kutotajwa kabisa ni jingine. Ukitaka mpangilio uweze kuachwa, andika = None kwa mkono wako. Wenzangu wengine walilalamika kwamba ni kazi ya ziada. Mimi naona ndiyo faida kubwa kuliko zote, kwa sababu anayesoma darasa anajua papo hapo kipi lazima na kipi si lazima.

Sasa uje kwenye fedha. Kwa ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha sarafu, shilingi ya Kenya ina desimali 2, ya Uganda haina hata moja. Kiolezo cha mipangilio tulichopewa kilikuwa na mstari huu:

desimali: int = 2

Mfumo ukituma kiasi kwa sehemu ndogo kabisa ya sarafu, kama senti, mpangilio ukisahaulika, shilingi 50,000 za Uganda zinaondoka zikiwa 5,000,000. Ukaguzi wa aina hauoni tatizo, kwani 2 ni namba kamili halali. Tuliifuta ile = 2, na kiwango cha VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ambacho kwetu ni asilimia 18, nacho tukakifanya cha lazima, maana bunge likikibadilisha sitaki namba ya zamani iendelee kuishi kimyakimya ndani ya msimbo. Muda wa kusubiri wa sekunde 30, namba ya mlango wa seva, kiwango cha kumbukumbu za programu (logi): hizo ziwe na thamani chaguo-msingi, hazimwibii mtu.

Funguo za siri tunaziweka kama SecretStr, aina ya Pydantic inayoficha maandishi, na kwenye kumbukumbu zinatokea nyota tupu. Hapo sina neno.

Kinachonikera ni majina yaliyokosewa. Kwenye faili la .env, ambamo mipangilio huandikwa, jina lisilojulikana linakataliwa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kwenye mazingira yenyewe ya seva, jina hilohilo linapuuzwa. Ukiandika MUDA_WA_KUSUBRI badala ya MUDA_WA_KUSUBIRI, thamani chaguo-msingi inashika nafasi na hakuna anayeambiwa. Naelewa sababu, seva ina vigeu vingi visivyo vyetu, lakini ndipo kosa linapojificha.

Dawa tuliyoipata imo humohumo ndani: model_fields_set inaorodhesha mipangilio iliyotajwa waziwazi. Programu ikiwaka, tunaandika kwenye kumbukumbu majina ya ile isiyokuwemo, na aliye zamu anayapitia kabla hatujafungua malipo. Ningependa maktaba yenyewe iandike orodha hiyo bila kuombwa, maana si kila timu itagundua kwamba model_fields_set ipo.